Tupunguze Sukari Pamoja, Kidogo Kidogo



Somo letu la safari hii lahusu kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni kijiko cha sukari. Katika mitaa yetu ya Kirumba, Igoma na Nyakato, na hata ng'ambo kule Sengerema na Ukerewe, mgeni akifika hutengewa chai iliyokolea sukari. Kama fedha ipo, mtoto hutumwa dukani kuleta soda baridi. Hiyo ni heshima, na hakuna ubaya katika kumheshimu mgeni. Lakini wapo wenzetu walioambiwa na daktari wapunguze sukari, nao huona haya kukataa kikombe. Hunywa wakinyamaza, wakarudi kliniki mwezi unaofuata hali imezidi kuwa mbaya. Tutazame basi jinsi ya kupunguza sukari bila kuvunja ukarimu, na bila kumwacha mtu ahangaike peke yake.

1. Kwa nini jambo hili latuhusu?

Wapo wanaodhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani ulikuwa haba kweli. Dkt. Donald McLarty wa Dar es Salaam na wenzake waliwapima watu wazima katika vijiji vya Tanzania, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1989. Waliokutwa na kisukari walikuwa karibu mtu mmoja tu katika kila 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima, mijini na vijijini, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walikuwa karibu 9 katika kila 100. Hesabu hizo mbili hazikuchukuliwa kwa njia moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama mizani ya dukani. Hata hivyo mwelekeo wake unaonekana wazi.

Tuseme kweli pia kwamba sukari peke yake siyo chanzo chote. Unene, kukaa bila kufanya kazi za mwili, umri na urithi wa ukoo vina sehemu yake. Tena kiko kisukari kinachowapata watoto na vijana ambacho hakitokani na kula sukari, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo asilaumiwe. Lakini sukari nyingi huongeza unene, na soda na vinywaji vingine vitamu vimeonekana kuongeza hatari ya kisukari cha watu wazima. Meno nayo huoza, hasa ya watoto.

2. Tunakula kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015. Kwa mtu mzima wa kawaida, sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25. Kijiko cha chai kilichojaa kiasi huchukua kama gramu 5. Basi gramu 50 ni vijiko 10, na gramu 25 ni vijiko 5. Asali na sukari guru zimo katika hesabu hiyo hiyo, ingawa wengi huzidhania kuwa dawa.

Sasa tuhesabu. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko 3, ni vijiko 6. Bakuli la uji lenye vijiko 2, jumla 8. Soda nyingi za kawaida zina kama gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina kama vijiko 7. Jumla imefika 15, na bado hatujataja maandazi wala visheti.

Tutazame na mfuko. Nyumba ya watu sita wanaokunywa vikombe viwili kila siku, vijiko 3 kila kikombe, hutumia gramu 180 kwa siku kwa chai peke yake. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 5 na gramu 400. Wakishuka hadi kijiko kimoja, watatumia kilo 1 na gramu 800. Wamebakiwa na fedha ya zaidi ya kilo tatu na nusu za sukari kila mwezi, nayo yaweza kununua dagaa, maharage au daftari za shule.

3. Uhaba haukutufundisha

Huenda mtu akasema, "Sisi tumekwisha kuishi bila sukari." Ni kweli. Wazee wanaukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, watu walipopanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kilo moja. Kiwanda cha sukari cha Kagera, jirani zetu wa magharibi mwa Ziwa, kilikuwa kimeharibiwa katika vita ya 1978 na 1979. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka walanguzi, na sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofichwa. Tena mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua nyingi kuzuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na bei ikapanda sana. Nyakati hizo wengi walikunywa chai yenye sukari kidogo, wala hawakufa. Lakini sukari iliporudi dukani, vijiko vilirudi vile vile.

Hayo hayakutupata sisi tu. Uingereza iligawa sukari kwa kipimo wakati wa Vita Kuu ya Pili na baadaye, hadi Septemba 1953. Mgao ulipoondolewa, ulaji wa sukari ulipanda karibu mara mbili katika muda mfupi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2024 waliwatazama watu waliotungwa mimba na kulelewa utotoni wakati wa mgao ule, wakawalinganisha na waliozaliwa baada yake. Wale wa wakati wa mgao, walipokuwa watu wazima, hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa pungufu kwa kama asilimia 35. Mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga wazingatie habari hii.

Twajifunza mambo mawili. Kupungua kwa sukari kwaweza kuleta faida kubwa. Lakini upungufu unaoletwa na duka tupu huisha duka linapojaa, kwa maana mtu hakuuchagua. Inatupasa tuuchague wenyewe.

4. Ulimi hujifunza

Anayeacha sukari yote siku moja mara nyingi hurudi kabla ya wiki kwisha, kwa kuwa mazoea yana taabu. Afadhali kushuka ngazi moja moja. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza habari za watu waliopunguza sana sukari katika chakula chao kwa miezi mitatu. Kufika mwezi wa pili na wa tatu, chakula kile kile walichopewa kuonja walikiona kitamu zaidi kuliko walivyokiona wale ambao hawakupunguza. Yaani ulimi ulikuwa umeanza kuitambua sukari ndogo. Lakini walipoachiwa wale wapendavyo, walirudia sukari haraka, na ulimi ukarudi ulikokuwa.

Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza ndiyo migumu. Baada ya hapo kazi huwa nyepesi kidogo, ila haijakwisha. Hapo ndipo mtu anapowahitaji wenzake.

5. Kwa nini tuwe pamoja?

Sababu ya kwanza iko jikoni. Katika nyumba nyingi sukari hutiwa ndani ya sufuria chai ikiwa bado mekoni. Mkono mmoja huamua kwa ajili ya watu wote. Baba aliyeambiwa apunguze, bibi mwenye kisukari na mtoto wa miaka mitatu wote hunywa kipimo kimoja. Hapo hata mwenye nia njema hawezi kitu, mpaka nyumba nzima ikubali. Hali kadhalika msibani na arusini, na katika chai ya baada ya ibada.

Sababu ya pili ni kwamba kutiana moyo kuna nguvu inayoonekana. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini Uchina, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa kwa zahanati zao. Baadhi walipewa mafundisho ya chakula: wale mboga zaidi, wapunguze sukari na pombe, na wanene wapunguze uzito. Walishauriwa mmoja mmoja, tena wakakutana katika vikundi vidogo, kwanza kila wiki, kisha kila mwezi, kisha kila miezi mitatu. Baada ya miaka sita, kati ya wale ambao hawakupata mafundisho hayo, watu kama 68 katika 100 walikuwa na kisukari. Kati ya waliofundishwa habari za chakula walikuwa kama 44.

Sisi hatuna haja ya kuanzisha chama kipya. Tunavyo vikundi vya nyumba kwa nyumba, akina mama, kwaya, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo hukutana kila wiki. Robo saa ya mkutano yatosha.

6. Mpango wa wiki tisa

Wiki ya kwanza msipunguze kitu. Kila mtu ahesabu vijiko vyake kwa siku, pamoja na soda, aandike. Wiki hiyo hiyo, mwenye kupika aache kutia sukari katika sufuria. Bakuli la sukari liwekwe mezani pamoja na kijiko kimoja kidogo, na kila mtu ajitilie mwenyewe.

Kuanzia wiki ya pili, punguzeni nusu kijiko kwa kila kikombe, mkae hapo wiki mbili. Aliyekuwa na vijiko 3 atashuka hadi 2 na nusu, kisha 2, kisha 1 na nusu, na wiki ya nane na ya tisa atakuwa kwenye kijiko 1. Anayeona ngazi ni ngumu akae wiki mbili nyingine pale pale.

Chai isiachwe ikawa maji matupu. Tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai huipa ladha. Kando ya chai tunavyo vitafunwa vya kwetu: viazi vitamu vya kuchemsha, na matobolwa ambayo mababu wa Kisukuma waliyakausha kwa ajili ya kiangazi. Viazi vina utamu wake, wala havihitaji chai iliyokolea. Mwenye kisukari naye ale kwa kiasi, kwa kuwa wanga nao hupandisha sukari mwilini. Kwa mgeni, chungwa la Ukerewe lililomenywa vizuri ni heshima tosha. Soda iwe ya sikukuu, na maji safi yawe ya kila siku.

Mkikutana, fuateni taratibu hizi:

(a) Kila mmoja awe na mwenzake wa kumwuliza hali katikati ya wiki.
(b) Msiulize, "Umeshindwa?" Ulizeni, "Wiki hii ilikuwaje?"
(c) Aliyeteleza aanze tena palepale alipokuwa, asirudishwe mwanzo.
(d) Uzito wa mtu na majibu yake ya kliniki ni siri yake, mpaka apende kusema mwenyewe.
(e) Asiyetaka kupunguza asisemwe. Bakuli liko mezani, naye ana mkono wake.

Katika shughuli za kanisa, wapishi watenge birika mbili, au waweke sukari pembeni. Mgeni aulizwe kwa upole, "Nikutilie vijiko vingapi?" Swali hilo dogo humwondolea mgonjwa haya ya kukataa. Walimu wa watoto nao wasitumie pipi kama zawadi ya kila Jumapili.

7. Tahadhari

Anayetumia dawa za kisukari au sindano ya insulini asibadili chakula chake ghafula kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi wake, kwa maana sukari ya damu yaweza kushuka mno. Akitetemeka, akatoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, apewe mara moja kitu cha sukari kama bado aweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Wakati huo sukari ni dawa, na wanakikundi wote walijue jambo hili. Asiyeweza kumeza asitiliwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Na mtu yeyote mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara au kukonda bila sababu, aende kupimwa. Asingoje wiki tisa.

Ndugu, wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Sukari iliingia katika maisha yetu kijiko kwa kijiko, na kwa njia hiyo hiyo yaweza kupunguzwa, nusu kijiko kwa nusu kijiko, jirani akimwuliza jirani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Nyumbani kwako, ni nani anayeamua kiasi cha sukari katika chai? Je, wengine huulizwa?
2. Katika mtaa wetu, nani anaona haya kukataa chai au soda kwa sababu ya ugonjwa? Twaweza kumsaidiaje bila kumtangaza?
3. Twaweza kumkaribisha mgeni kwa vitu gani visivyo na sukari ya kuongezwa, naye akaridhika?
4. Kikundi chetu kitaanza wiki gani kuhesabu vijiko, na nani atakuwa mwenzake nani?