Halmashauri ya Watu Mia Moja: Maswali Kuhusu Maisha ya Sottunga

Sottunga iko nchi gani?

Iko Ufini, ila Kifini hukisikii mara nyingi. Sottunga ni visiwa vidogo vya jimbo la Åland (tamka "Oland"), katika Bahari ya Baltiki, na lugha rasmi ya jimbo zima ni Kiswidi peke yake. Ufini ilipojitangazia uhuru mwaka 1917, wenyeji wa Åland walitaka kurudi Uswidi. Shauri lilifika hadi Shirikisho la Mataifa, ambalo mwaka 1921 liliamua visiwa vibaki Ufini kwa masharti: lugha, mila na ardhi ya wenyeji vilindwe. Ndiyo maana Åland ina bunge lake lenye wajumbe 30, bendera yake na stempu zake, na haiwekwi kambi ya jeshi.

Watu mia moja wanawezaje kuwa na halmashauri?

Wanaweza, na wanayo. Sottunga ina wakazi wapatao 100 tu, na hakuna halmashauri nchini Ufini yenye watu wachache kuliko hiyo. Åland nzima ina watu kama 30,000 waliogawanyika katika halmashauri 16. Kila halmashauri ina madiwani wa kuchaguliwa, bajeti na kodi yake. Mahali padogo hivyo, diwani anayepitisha bajeti ni jirani yako, na ukiwa na malalamiko utakutana naye dukani au gatini kabla ya kikao.

Wako wanaosema ni gharama kubwa mno kwa watu wachache, na mpango wa kuziunganisha halmashauri ulishapitishwa kisheria, kisha ukafutwa baada ya uchaguzi wa 2019. Kwa maoni yangu, wenyeji walikuwa na hoja. Kisiwa kikiamuliwa mambo yake na watu wa kisiwa kingine, cha kwanza kupunguzwa huwa safari za feri.

Kwani feri ina uzito gani?

Feri ndiyo barabara. Inatoka bandari ya Långnäs, katika kisiwa kikuu, na ndiyo inayoleta barua, mafuta, bidhaa za duka na fundi wa bomba. Mwenye gari huweka nafasi mapema. Mtu akikualika chakula, kwanza hutazama ratiba, kisha ndipo akutajie saa. Wakati wa baridi bahari inaweza kuganda, na feri hupita ikivunja barafu. Ukiwa ndani unasikia vipande vikikwaruza ubavu wa chuma. Mwezi Desemba mwanga wa mchana hauzidi saa sita hivi, lakini Juni jua hukaa juu karibu saa 19.

Mgonjwa mahututi husafirishwa hadi hospitali ya Mariehamn, mji mkuu wa Åland, hata kwa helikopta. Mtoto akimaliza darasa la tisa, naye huenda Mariehamn kuendelea na masomo. Hapo ndipo penye uchungu. Kijana mmoja asiporudi, katika watu mia pengo lake huonekana.

Mgeni anaweza kuhamia na kununua kiwanja?

Kuhamia, ndiyo, akiwa na haki ya kuishi Ufini. Ardhi ni suala jingine. Kwa kawaida, ili kumiliki ardhi, na hata kupiga kura ya bunge la jimbo, unatakiwa uwe na haki ya ukaazi iitwayo hembygdsrätt. Asiyeirithi kwa wazazi huiomba baada ya kuishi Åland miaka mitano, akiwa raia wa Ufini na akijua Kiswidi cha kutosha. Aliyeihama Åland kwa miaka mitano huipoteza. Masharti ni magumu, lakini bila hayo nyumba za visiwani zingenunuliwa na matajiri wa kuja kiangazi tu, na madirisha yakabaki giza miezi tisa.

Wanakula nini?

Samaki, mkate mweusi mtamu, na keki nzito ya Åland, inayopikwa kwa uji wa semolina au wa mchele, mayai na maziwa, ikaokwa katika trei na kuliwa na rojo la plamu kavu na krimu. Ikitolewa jikoni, harufu inayotangulia ni ya iliki.

Nikitaka kwenda nianze na nini?

Anza na ratiba ya feri. Ukishaijua siku na saa yake, ndipo ukate tiketi ya ndege.