KUFIKIRI KIKOMPYUTA KATIKA DARASA LISILO NA KOMPYUTA
Somo kwa walimu watarajiwa

Kila mwaka madrasa yetu hapa Mbeya huwaaga vijana wanaokwenda kusomea ualimu, wengine Tukuyu na Mpuguso kule Rungwe, wengine Kleruu, Iringa. Somo hili nawaelekezea wao kwanza, ingawa nanyi wadogo mna fungu lenu humu.

Mmoja wao alirudi kutoka mazoezi ya kufundisha akiwa amevunjika moyo. Alipangiwa kuwafundisha watoto wa darasa la tatu sehemu za kompyuta, na shule haikuwa na kompyuta hata moja. Akachora ubaoni kioo, kibodi na kipanya. Watoto wakanakili, wakakariri, wakafaulu jaribio. “Ustadhi,” akaniuliza, “wamejifunza nini?” Sikuwa na jibu la haraka, kwani nami nimewahi kufundisha hivyo hivyo.

Jibu ni kwamba walijifunza majina ya vyombo. Ama kufikiri kikompyuta ni jambo jingine kabisa: ni kulichukua tatizo kubwa, kuligawa katika vipande vidogo, kuyaacha yasiyohusika, kisha kupanga hatua zilizo wazi kiasi kwamba hata asiyejua lolote akizifuata atafika. Mwaka 2006 Jeannette Wing, mwalimu wa sayansi ya kompyuta huko Marekani, aliandika kuwa ujuzi huu ni wa kila mtu na uwekwe pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla yake Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikwisha kulieleza wazo hili katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980.

Na kabla ya hao wote? Mpango wa hatua za namna hiyo huitwa algoriti, na neno hilo limetokana na jina la mtu: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika Baitul Hikma zama za Khalifa al-Ma’mun (813–833). Kitabu chake cha hesabu kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake likatamkwa Algoritmi. Kitabu chake kingine ndicho kilichoipa dunia neno aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Kwa hiyo tunaposoma mirathi hapa madrasa tumo katika shughuli ile ile aliyoiandikia yeye.

Hebu tutazame. Mtu amefariki na kuacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Tuseme zimebaki shilingi 7,200,000. Mke hupata thumni, 900,000, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama hupata sudusi, 1,200,000. Zilizobaki ni 5,100,000, nazo hugawanywa mafungu matatu: mtoto wa kiume mawili, 3,400,000, na wa kike moja, 1,700,000. Jumlisheni muone kama zinarudi. Sasa mwanafunzi akianza kugawa kabla ya kulipa deni, hesabu zake zote zitakuwa safi na jibu litakuwa batili. Kosa halimo katika kugawanya, limo katika mpangilio. Mwanafunzi anayeweza kusema “nimekosea hatua ya pili” ameshaanza kufikiri kikompyuta.

Je, watoto wa shule ya msingi watafundishwaje? Kwa michezo, na haihitaji umeme. Mfunge mtoto mmoja kitambaa machoni, umsimamishe nyuma ya darasa. Wenzake waandike amri za kumfikisha mlangoni: hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua mbili. Naye afanye kilichoandikwa tu (uwe karibu naye asiumie). Akigonga dawati watoto watacheka, ndipo uulize: nani amekosea? Si yeye, ni amri. Basi wairudie ile karatasi, watafute mstari wenye kasoro, waurekebishe, wajaribu tena. Hapa ndipo faida kubwa ilipo, kwa maoni yangu. Katika madarasa yetu mengi kosa huleta fimbo au kicheko, na mtoto hujifunza kulificha. Katika mchezo huu kosa ni kitu cha kutafutwa.

Mchezo wa pili: ficha nambari kati ya 1 na 100, watoto wakisie, nawe ujibu “juu” au “chini” tu. Wataanza kurusha nambari ovyo. Waache kwanza. Baadaye mmoja atagundua kuanza na 50, kisha 25 au 75, kila mara akikata nusu. Kwa njia hiyo makisio saba hayazidi, hata darasa lichague nambari gani. Kwa nambari 1 hadi 1000 ni kumi tu! Hivyo ndivyo mtu anavyotafuta neno katika kamusi, na kompyuta hutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa njia hiyo hiyo.

Tusidhani kuwa mambo haya yako mbali nasi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini pale Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari iliyokusudiwa kufuata mazingira ya hapa nchini. Mmoja wa walimu wake wa mwanzo, Matti Tedre kutoka Finland, mwaka 2019 alitoa pamoja na Peter Denning kitabu kizima kuhusu kufikiri kikompyuta.

Zoezi. Andika hatua za kupanga vitenge saba kuanzia kifupi hadi kirefu, ukiruhusiwa kulinganisha viwili viwili tu. Mpe mdogo wako karatasi hiyo, ukae kimya akizifuata. Hesabu amelinganisha mara ngapi, kisha uandike upya hatua zako ili mara ya pili alinganishe mara chache zaidi. Leteni karatasi zote mbili, ile yenye makosa msiitupe.