SOMO LA WANACHAMA: CHAMA KINAPOUZIWA ARDHI ISIYO YA MWUZAJI

Migogoro mingi ya ardhi inayofika mezani kwa makatibu wa vyama vya msingi katika wilaya za Kasulu na Kibondo huanzia kwenye karatasi moja iliyochanwa katika daftari la shule. Karatasi hiyo huandikwa kwamba fulani ameuza shamba lake, kutoka kwenye mwembe hadi kijito, kwa fedha kadha wa kadha. Chini yake pana alama za vidole, majina ya mashahidi wawili au watatu, na pengine muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Chama huilipa fedha hiyo kutokana na ushuru wa mazao ya wanachama, kikaanza kuchimba msingi wa ghala. Kisha mtu mwingine hutokea na kusema ardhi ni yake.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba karatasi ya namna hiyo ni ushahidi kuwa fedha zilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Si ushahidi wa kutosha kwamba ardhi nayo ilihama. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Chini ya sheria hiyo msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, nayo hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji si Halmashauri, na muhuri wake haugeuki kuwa uamuzi wa Halmashauri hata ukipigwa mara tatu. Wala jambo hili si geni lililoletwa na sheria mpya: Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili. Miaka arobaini imepita, na bado karatasi za daftari zinaandikwa.

Katika nchi ya Buha jambo hili lina mizizi mirefu. Zamani mteko ndiye aliyekuwa mwenye neno juu ya ardhi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Watu walitoka kwenye vilima walikozika wazee wao, wakapewa viwanja kando ya barabara, aghalabu juu ya mashamba ya watu wengine, na bila hati yoyote. Ndiyo sababu mpaka leo mjukuu hutokea akidai mahame ya babu yake, au mbaya zaidi, akiyauza kwa chama ambacho hakijui historia ya mahali.

Katibu hana budi kukijua kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya mwaka 1999. Kifungu hicho kinathibitisha kuwa halali ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata kama ulifanywa bila kufuata sheria, na kinaondoa haki za waliokuwa na ardhi hiyo hapo awali. Vipo vighairi, kwa hiyo shauri la namna hii lisiachwe bila kuonwa na mwanasheria. Lakini kwa jumla, anayeuza mahame yaliyogawiwa wengine wakati wa Operesheni anauza kitu ambacho sheria imekwisha kumwondolea. Inafaa pia kukumbuka kwamba haki ya kimila si haki duni. Serikali ilipojaribu mwaka 1992 kuifuta kwa sheria katika vijiji vilivyoanzishwa, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994 kwamba haki hiyo ni mali inayolindwa na Katiba.

Na tuchukue mfano. Chama cha msingi kimenunua ekari mbili karibu na gulio kutoka kwa mtoto wa marehemu. Baada ya mwaka mjane anafika ofisini na kusema hakushirikishwa, na ndugu wengine wa marehemu wanasema vivyo hivyo. Hapa wajumbe wengi hukimbilia kubishana na mjane, na hilo ni kosa. Swali la kwanza ni moja: je, mwuzaji alikuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Ikiwa hakuteuliwa, hakuwa na mamlaka ya kuuza, na anayepaswa kudaiwa na chama ni yeye, wala si mjane. Na lau marehemu angekuwa hai, bado Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 isingemruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Chama kinachonunua bila kumwuliza mke wa mwuzaji kinajinunulia kesi.

Sasa shauri lipelekwe wapi? Kwanza lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Kisha lipo Baraza la Kata. Hapa wengi wamepitwa na wakati, maana wanadhani Baraza la Kata bado linatoa hukumu ya ardhi. Mamlaka hayo yaliondolewa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Sasa Baraza la Kata linasuluhisha tu, na likishindwa linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo. Bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri, isipokuwa siku thelathini zimepita tangu shauri lifunguliwe katika Kata bila kupata suluhu. Katibu aandike tarehe ya kufungua shauri katika daftari lake siku ile ile.

Baraza la Wilaya husikiliza mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, kiwango kinachotosha kwa takriban kila ghala na shamba la chama cha msingi. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku arobaini na tano. Tena muda wa kudai ardhi ni miaka kumi na miwili, na chama kinachokaa kimya kikingoja uongozi mpya upatikane kinaweza kukuta haki yake imekufa.

Upo mtego mwingine. Mara nyingi aliyegawa ardhi moja kwa watu wawili ni Halmashauri ya Kijiji yenyewe. Chama kinachotaka kuishtaki Halmashauri hakiwezi kwenda moja kwa moja Baraza la Wilaya kama kinavyomshtaki jirani. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ni lazima kutoa taarifa ya siku tisini, kumwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Mashauri yasiyofuata njia hiyo hutupwa nje kabla ushahidi haujasikilizwa, na gharama zote zikawa hasara ya wanachama.

Kuhusu msaada wa kisheria, wanachama wengi huamini kuwa sheria ni ya wenye fedha. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, imeweka utaratibu kwa wasio na uwezo, na imewatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Msaidizi wa kisheria anaweza kueleza sheria na kumwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika. Hawezi kufanya kazi ya wakili. Mwananchi aanzie katika halmashauri ya wilaya yake, aulize orodha ya watoa msaada waliosajiliwa. Mwanachama mmoja mmoja, hasa mjane kama yule wa mfano wetu, anafaa kabisa kuelekezwa huko, hata kama anadaiana na chama. Chama chenyewe, kikiwa na mali, aghalabu kitalazimika kumlipa wakili, na gharama hiyo iidhinishwe katika muhtasari wa bodi kabla ya fedha kutoka. Wapo pia vishoka wanaojiita wanasheria, wakizunguka barazani na mikoba. Wakili wa kweli hutoa stakabadhi na hachelei kuulizwa namba yake ya uwakili.

Ikiwa hati imeghushiwa au mtu ameuza ardhi moja mara mbili kwa kujua, hilo ni kosa la jinai na lipelekwe polisi. Hata hivyo kifungo cha tapeli hakirudishi shamba. Shauri la ardhi liendelee katika njia yake.

Limebaki suala la ardhi za chama chenyewe. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 na vijiji kupewa kazi za vyama vya msingi, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, maghala na viwanja vingi havikufuatwa na karatasi. Viko vinavyojulikana kuwa vya chama kwa sababu tu wazee wanasema hivyo, na wazee wanazidi kupungua. Kila katibu aandike orodha ya ardhi ya chama chake, mipaka yake, majirani wa pande nne, na jina la mzee anayekumbuka ilivyopatikana, kisha apeleke maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji. Kifungu cha 22 kinakitaja chama cha msingi cha ushirika miongoni mwa wanaoweza kuomba. Hati itoke kwa jina la chama lililosajiliwa, si la mwenyekiti wala la mweka hazina, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa yeye akifariki warithi wake wataiona hati hiyo kwenye sanduku lake. Nakala moja ikae ofisini, nyingine kwa Afisa Ushirika wa wilaya, pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia ununuzi.