Kamyoneti inakosa nguvu mu njia: mbele ya kufungua karburateri



Mwezi wa kumi umefika. Mbele ya mvua kuanza, kila koperative iko na safari mbili za lazima: kuleta mboga ku Lubumbashi, na kurudisha mbolea na mbegu ya mahindi ku kijiji. Ile ya pili haingojee mutu. Mahindi yenye kupandwa katikati ya mwezi wa 11 na yale yenye kupandwa mwezi wa kwanza hayatoe mavuno sawa, munajua ninyi wenyewe. Njo maana katika somo hili siye waagronome tunaweka jembe chini kidogo na kuongea juu ya motokari. Si kazi tuliyosomea, lakini mwaka uliopita tuliifunza kwa lazima.

Kuko koperative moja kwenye barabara ya Kasenga. Iko na kamyoneti ya Peugeot 504 ya zamani, ya esanse, yenye karburateri. Asubuhi inawaka vizuri. Inatembea kilometa 15 hivi bila shida. Kiisha, kwenye mupando, inaanza kurukaruka, nguvu inapunguka, inakufa. Shofere anangojea dakika 20, inawaka tena kama vile hakukuwa kitu. Mbele kidogo, pane ni ile ile. Siku moja ilikufa mara ine, na nyanya zilifika ku soko ya Kenya saa kumi ya mangaribi, za chini zimepondeka. Wamama wanunuzi walizitazama tu na kupita.

Mekanisyani wa kwanza alisema: "Ni karburateri." Akaifungua, akaipangusa, wakalipa. Wa pili akasema vile vile, wakalipa tena. Wa tatu alipitisha waya wa chuma mu jikleri, eti kufungua njia. Tangu siku ile pane ya zamani ilibakia, na ingine ikaongezeka: moshi mweusi nyuma, na esanse inaisha mbio. Walipotuita, haikuwa kwa kutengeneza. Walitaka tuwasaidie kuandika barua ya kuuzisha kamyoneti.

Siye hatukujua pane iko wapi. Lakini mukulima akituonyesha mahindi yenye majani ya manjano, hatumwambie pale pale "weka ure". Tunaangalia kwanza ni majani ya chini ao ya juu, manjano yanapita katikati ya jani ao kando, maji yamesimama mu shamba ao hapana. Motere nayo inaomba vitu vichache tu: esanse, hewa, na moto wa buji kwa wakati wake. Swali ni moja: wakati inakufa, ni kipi kinakosekana? Ku garaji hakuna mutu aliyeweza kujibu, kwa sababu ku garaji motokari ilikuwa muzima. Ilikuwa inakufa mu njia.

Basi tulipanda pamoja na shofere. Ilipokufa, hatukungojea zile dakika 20. Tulienda moja kwa moja kwenye tanki. Boshoni ya kweli ilikuwa imepotea siku nyingi. Pahali pake walifunga plastiki kwa kipande cha shambreri, kwa nguvu sana, ili vumbi isiingie. Tulipofungua, tulisikia "fyuuu", hewa inaingia ndani. Shofere akawasha. Ikawaka mara moja.

Munajua kopo ya maziwa: ukitoboa tundu moja tu, maziwa hayatoke vizuri. Toboa la pili, yanatiririka. Tanki iko vile vile. Esanse ikitoka, hewa inapaswa kuingia pahali pake. Boshoni ya kamyoneti ile iko na katundu kadogo kwa kazi hiyo. Kwa motokari zingine ni mupira mudogo kando ya tanki. Ikizibwa, pompi ya esanse inavuta mpaka inashindwa. Ukipumzika, hewa inapenya polepole, na motokari inawaka tena. Mara tatu walilipa juu ya karburateri, na ugonjwa ulikuwa nyuma kabisa, mbali na motere.

Sasa ule waya wa chuma. Jikleri ni kipande kidogo cha shaba ya manjano chenye tundu lililopimwa. Kwa karburateri nyingi, namba iliyoandikwa juu yake inahesabu upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Shaba ni laini, chuma ni ngumu. Ukikwaruza mara mbili tatu, namba inabakia ile ile lakini tundu si lile tena. Na siye huku tuko juu: Lubumbashi iko karibu metre 1,200, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ku Muanda kwenye bahari. Motere ya karburateri tayari inapata esanse kidogo kupita hewa yake. Ukipanua jikleri, unaongeza tu moshi. Jikleri inasafishwa kwa kupuliza hewa, kama vile ku wale wanaotia pumzi mu mipira. Ile iliyoharibika tuliibadilisha na ingine yenye namba iliyoandikwa mu kitabu cha motokari.

Pane zingine ziko na alama zake. Kama inakufa ikipata moto sana na esanse iko inafika, muwaze bobine. Muondoe waya moja wa buji, muweke buji ya zamani kwenye waya huo, chuma yake iguse motere, mbali na esanse, muishike kwa koleo yenye mipira, kiisha mutu mwingine awashe. Moto wa buluu unaolia "ta, ta" ni muzuri. Wa manjano na wa kuzaifika ao hakuna kabisa: muangalie bobine, na platine mu deliko. Platine zikiungua, motokari inakohoa kama yenye karburateri chafu. Njo maana watu wengi wanadanganyika. Nafasi yake kwa nyingi za zamani ni karibu milimita 0.4, lakini mufuate kitabu.

Buji zenyewe ni majani yetu ya mahindi. Rangi ya ganda la karanga, ni sawa. Nyeusi na kavu kama masizi ya mbabula: esanse inazidi ao filtere ya hewa imejaa vumbi. Mu kipwa, filtere inajaa upesi kuliko munavyofikiri. Muigonge polepole, musiioshe na esanse, na zaidi musitembee bila filtere. Nyeupe kabisa: esanse ni kidogo, ao hewa ya wizi inapita chini ya karburateri. Hii ya mwisho inatambulika vilevile kwa ralanti: motokari inatetemeka ikisimama, lakini inatulia ikikimbia.

Esanse ya bidoni, ya wale tunaita kadhafi, hatuwezi kuwakataza, kwa sababu kwa vijiji vingi hakuna ingine. Muweke kidogo mu chupa nyeupe, muiache robo saa. Maji yanashuka chini na munaona mustari. Kama mustari uko, esanse ile isiingie mu tanki.

Jambo moja tunawaomba sana: mubadilishe kitu kimoja, mutembeze motokari, muandike mu kaye. Mukibadilisha buji, platine na jikleri siku moja na ikapona, hamutajua ni nini iliwaponyesha, na pane ikirudi mutalipa vyote tena. Na mukifungua njia za esanse, hakuna sigara, hakuna mbabula karibu, motere iwe imepoa. Kuvuta esanse na kinywa ku mupira, hapana. Ikiingia mu mapafu, inaua. Kumwanga esanse mu kinywa cha karburateri wakati mwingine anawasha, hapana pia: moto unaweza kurudi usoni.

Kamyoneti ya barabara ya Kasenga ilileta mbolea ku kijiji kwa safari tatu, mvua ya kwanza ikiwa haijanyesha. Boshoni mupya imefungwa na munyororo mudogo, na karani anaandika kilometa na litre za esanse kila safari, kwenye mugongo wa ile barua ya kuuzisha.