Fundisho: Kujaribu Kisu Kipya Mbele ya Kukipeleka Shambani

Wewe unayelima nyuma ya Likasi, Kambove au Kolwezi, kisu chako ni mkono wako wa pili. Unakata nacho miti ya mihogo ya kupanda, unachuna nacho mbuzi, unapasua nacho kuni ndogo. Kisu cha kukunja hakiwezi kazi hizi zote, sababu maungio yake hulegea upesi. Kwa hiyo watu wengi huenda kwa fundi wa chuma kuagiza kisu kisichokunjwa, kinachofaa mkono wao na kazi yao.

Kuagiza hivyo ni vema. Lakini kisu kinachong'aa hakijawa kisu kizuri bado. Kikivunjika mlangoni pa fundi, hasara ni ndogo: atakitengeneza tena. Kikivunjika shambani, mbali na dispansere, waweza kupoteza kidole. Basi sharti ukijaribu mbele ya kumaliza kulipa franga zako.

1. Uliza chuma kimetoka wapi

Kazi ya uhunzi si ngeni katika inchi hii. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa mwaka 1957, watu waliona vyombo vingi vya chuma na vya shaba. Leo mafundi wengi hutumia chuma kilichokwisha kufanya kazi nyingine. Kilicho bora kwa kisu ni resori ya lori, yaani vile vyuma bapa vinavyobeba uzito wake. Ndani yake mna kaboni, kiasi cha nusu ya sehemu moja katika mia, au kupita kidogo. Kaboni hiyo ndiyo inayofanya chuma kuwa kigumu kikipata moto na kuchovywa.

Chuma laini cha msumari au cha kujengea nyumba, kwa kawaida hakina kaboni ya kutosha. Hata ukikichovya mara kumi, kitabaki laini. Tena angalia: resori iliyovunjika yaweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana upesi. Na bomba lenye zinki lisitiwe motoni kamwe. Moshi wake huleta homa na kukohoa.

2. Majaribu matano

La kwanza, macho. Shika kisu mbele ya jicho moja, utazame mgongo wake toka mpini hata ncha. Kikipinda, kirudishe. Tazama pia mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ukiwa mfupi kama kidole gumba, kisu kitachomoka ukitia nguvu.

La pili, tupa. Pitisha tupa polepole juu ya makali. Ikila chuma kwa urahisi, kisu ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, kisu ni kigumu mno na makali yatamenyeka. Ikishika kidogo, kwa shida, ni vema.

La tatu, shaba. Weka ufito wa shaba mezani. Laza makali juu yake, kisu kikiinama kidogo tu, halafu kandamiza. Makali yatabonyea kidogo. Yakirudi mahali pake, chuma ni kizuri. Yakibaki yamepinda, ni laini mno. Yakimenyeka, ni magumu mno.

La nne, kazi yenyewe. Kata mti mkavu mara hamsini, kisha ukate jani bichi la mgomba. Geuza makali juani: ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo pamekwisha kufa. Ukitaka kulinganisha visu viwili, tumia mti ule ule, mkono ule ule, na hesabu ile ile. Kata alama katika fimbo, usisahau. Mtu akijaribu kimoja juu ya mti mlaini na kingine juu ya mti mgumu, hajajua neno.

La tano, mkono. Lowesha mpini kwa maji ya sabuni, ufanye kazi nusu saa. Mkono ukiteleza kuelekea makali, mpini haufai. Mwambie fundi auongezee kizuizi mbele. Ukipata malengelenge, apunguze pembe zake.

3. Ukiona kosa

Usimgombeze fundi. Mwonyeshe makali, mseme pamoja. Kisu laini kirudi motoni. Afike hata sumaku isikishike tena chuma, ndipo akichovye ndani ya mafuta. Maji baridi huweza kukipasua. Kisu kigumu mno kisuguliwe hata king'ae, kipashwe moto kidogo kidogo hata kipate rangi ya majani makavu au ya kahawia. Kiisha, ujaribu tena tangu mwanzo.

4. Kukitunza

Chuma hiki hushikwa na kutu. Baada ya mihogo au nyama, kioshe, ukaushe, upake mafuta ya mawese kidogo. Usikitumie kama nyundo, wala kuchimbulia mawe. Kiweke ndani ya ala, mbali na watoto. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, uende dispansere upate sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Maulizo

1. Sababu gani resori ya lori hushinda chuma cha msumari?
2. Tupa ikiteleza juu ya makali, kisu kina kosa gani?
3. Ukijaribu visu viwili, mambo gani matatu yasibadilike?
4. Sababu gani twajaribu mpini kwa maji ya sabuni?
5. Kisu chako cha nyumbani kimepita majaribu mangapi? Kijaribu leo, mbele ya kwenda shambani kesho.