Ganzi ya Mkono Usiku na Sindano ya Steroidi

Ukiamka usiku ukakuta mkono umekufa ganzi, ukaukung'uta ndipo ukapata nafuu, angalia ni vidole vipi. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa kizima, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wengi husema damu haitembei. Sivyo. Kwenye kifundo pana njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utepe mgumu, na humo hupita kano 9 pamoja na neva moja. Pakivimba, neva ndiyo huumia. Huwapata zaidi wanawake, hasa wajawazito, na pia wenye kisukari na wanaofanya kazi za kukaza mikono.

Sindano ya steroidi hupunguza uvimbe huo. Hizi si zile steroidi za kujaza misuli. Daktari huchoma kando ya neva, kamwe si ndani yake. Ukihisi kama shoti ya umeme vidoleni, sema papo hapo. Maumivu yanaweza kuzidi kwa siku moja mbili kabla ya nafuu kuja, na ngozi ya hapo yaweza kupauka. Mwenye kisukari apime sukari kila siku kwa siku kadhaa, maana huweza kupanda.

Nafuu ni ya kweli, ila mara nyingi haidumu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha sindano moja na gango la kuvaa usiku. Baada ya wiki 6 waliochomwa walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya miezi 6 tofauti haikuonekana. Kwa mjamzito, ambaye ganzi yake mara nyingi huisha akishajifungua, gango huweza kutosha.

Anayetutia hofu ni yule anayerudia sindano huku nyama ya chini ya kidole gumba ikinywea, vikombe vinamponyoka na vifungo vya shati vinamshinda. Neva yake inaharibika, na sindano inamfichia tu. Huyo anahitaji upasuaji mdogo wa kukata ule utepe, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Usikubali kuchomwa sindano hii kwenye duka la dawa. Nenda hospitali, na ukiona nyama ya gumba imepungua, nenda wiki hii.