Vitu vya kale Mji wa Kale: kagua kwanza, PIN baadaye

Ukiwa Mombasa, ipe Fort Jesus mgongo na ushike Ndia Kuu. Hutatembea sana kabla ya kukutana na maduka ya vitu vya kale: madele ya kahawa, makasha yenye njumu, sahani za maua, saa za ukutani zilizokoma zamani, sarafu zimejazwa kwenye bakuli. Ni mahali pazuri pa kutafuta zawadi ambayo hakuna mgeni mwingine atakayeileta harusini. Pia ni mahali ambapo pesa zinaweza kutoka kwenye simu kabla macho hayajamaliza kazi yake. Sisi kazi yetu ni malipo, lakini malipo mazuri huanza kabla hujagusa simu, kwa hivyo leo tunaanzia dukani.

Kitu cha kale huuzwa pamoja na hadithi yake. "Hili lilikuwa la bibi harusi wa Lamu, lina miaka mia mbili." Huenda ni kweli, na wazee wengi wa maduka haya wanajua mali yao vizuri kuliko mtu yeyote. Shida ni kwamba nusu ya bei huwa ni hiyo hadithi, na hadithi haiwezi kupimwa. Kitu chenyewe kinaweza.

Chukua ile reali kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ilitumika sana kwenye biashara ya Bahari ya Hindi, na utaambiwa ni ya mwaka 1780 kwa sababu mwaka huo umeandikwa juu yake. Kaa rada hapo. Malkia alifariki 1780, na sarafu hiyo ikaendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, katika miji mbalimbali, kwa mwaka ule ule wa 1780. Kwa hivyo tarehe haikwambii umri. Uzito ndio unaosema kitu: reali halisi ina takriban gramu 28. Masonara wana mizani, omba ipimwe. Ikipungua sana au kuzidi sana, hiyo ni pambo tu, na bei iwe ya pambo.

Kama bajeti yako ni ndogo, sisi tungeenda moja kwa moja kwenye bakuli la sarafu za Afrika Mashariki, zile za kabla Kenya haijaanza kutoa shilingi yake mwaka 1966. Kuna senti kumi yenye tundu katikati, na shilingi yenye simba mbele ya milima. Shilingi za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake. Za 1948 na kuendelea hazina. Ukibahatika kupata ya mwaka aliozaliwa babu, umepata zawadi ambayo ataitembeza kijiji kizima.

Kwenye makasha, usiangalie mbele, kwani mbele ndiko hung'arishwa. Geuza, angalia mgongo na chini. Skrubu zenye alama ya msalaba zilianza kutumika miaka ya 1930, kwa hivyo kasha "la karne ya kumi na tisa" lililofungwa kwa skrubu hizo kote lina maswali ya kujibu. (Linaweza kuwa la kale lililorekebishwa. Uliza.) Mbao hulika pale mikono inapogusa: kwenye mdomo wa droo, kwenye vishikio. Uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali huwa umetiwa kwa msasa. Kwa dele la shaba, beba sumaku ndogo. Sumaku ikinata, ndani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sahani zigeuze usome muhuri. Zile za Maastricht, Uholanzi, zilinunuliwa sana pwani hii na bado zinapatikana.

Sasa simu. Mkishapatana bei, weka nambari ya Till, kisha usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina la biashara si lazima lifanane na kibao cha mlangoni, lakini mwenye duka aweze kukueleza mara moja kwa nini halifanani. Akikwambia utume kwa nambari ya kijana wake "kwa sababu Till ina shida leo", hakuna ubaya kungoja, au kurudi kesho. Kitu kimekaa miaka themanini, kitakaa usiku mmoja.

Kisha omba risiti ya mkono yenye maelezo ya kutosha. "Kasha moja" haitoshi. "Kasha la mninga, njumu za shaba, droo tatu, limeuzwa kama la zamani, limerekebishwa mgongo" inatosha. Andika juu yake nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako.

Wanaonunua kwa picha za mtandaoni wako kwenye hatari zaidi. Mtu hutuma picha ya kiti cha enzi, anataka arbuni ya kukushikia, "kuna Mzungu yuko njiani." Ukituma arbuni kwa mtu usiyemjua na akaitoa pesa papo hapo, hata ukitupigia haraka kunaweza kuwa hakuna cha kurudisha. Tafuta rafiki aliye mjini aende akikague, alipe yeye akiwa amekishika.

Kuna vitu ambavyo hatutaki ununue hata kwa bei ya bure. Pembe za ndovu ni mojawapo, hata kama ni bangili ya nyanya aliyekwisha kufariki. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Vigango vya Wamijikenda navyo ni nguzo za kuwakumbuka wafu, na vingi viliibwa makwao. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani.

Na kama zawadi inasafiri kwenda ng'ambo, fahamu kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa mali ya kale, na milango na fremu zilizonakshiwa kabla ya 1946 zinalindwa. Havitoki nchini bila kibali. Uliza Makumbusho ya Taifa kabla ya kulipa, si ukiwa uwanja wa ndege. Huko utaulizwa umekipata wapi, kwa nani na lini, na ule ujumbe wa malipo pamoja na risiti ndivyo vitakavyokujibia, kwa hivyo usiufute ukitafuta nafasi kwenye simu.